Dhoruba ya Chumba cha Kumi na Nne

Insha yangu ya kwanza ya chuo kikuu ilirudi na alama ya kufeli, na chini yake sentensi moja: "Umehusika mno kihisia na mada yako." Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwetu Fairfield, magharibi mwa Sydney, nimevaa sare ya kazi, maharage yanachemka, na helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa kama ilivyokuwa ikizunguka karibu kila siku majira yale ya baridi. Nilizima jiko. Nikaisoma tena polepole, nikidhani labda Kiingereza changu ndicho kilichonidanganya. Hakikunidanganya. Mada niliyopewa ilikuwa hisia na nguvu ya kuwaza katika sanaa ya Ulaya ya miaka mia mbili iliyopita, nami nilikuwa nimefelishwa kwa kuwa na hisia.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilizaliwa Burundi nikakulia kambi ya wakimbizi, Kibondo, magharibi mwa Tanzania. Kiswahili nilikipata huko, shuleni na kwenye foleni ya maji. Sydney nilifika na mtoto mgongoni, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, kuwasikiliza. Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri, ila ananijibu kwa Kiingereza. Ni yeye aliyenisaidia kujaza fomu ya kujiunga na chuo, kampasi ya Parramatta, na ni yeye aliyeuliza, kidole kikiwa juu ya kitufe, "Mum, una hakika? Hili somo?"

Nilikuwa na hakika. Kwenye ukurasa wa somo hilo waliweka mchoro wa bahari iliyochafuka, mawingu meusi yamekunjamana kama nguo zilizokamuliwa, na meli ndogo katikati. Niliutazama mchoro ule muda mrefu kuliko nilivyosoma maelezo. Kila aliyesikia aliniuliza kwa nini sisomei unesi. Nesi mmoja Mkenya tuliyefanya naye kazi, mwanamke mwenye roho nzuri aliyekuwa akisafiri kwa treni kutoka Campbelltown kila alfajiri, aliniambia waziwazi: "Mama, hizo picha zitakupeleka wapi? Fanya nursing, upate leseni, ukae vizuri." Nilimpenda na bado nampenda, lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa kila kitu kitanipeleka wapi. Maisha yangu yote nilikuwa nimepelekwa. Safari hii nilitaka kwenda.

Wiki ya kwanza ya masomo nilimtumia ujumbe rafiki yangu wa tangu kambini, ambaye sasa anafundisha Kiswahili sekondari kule Kibondo, nikamuuliza wachoraji na washairi wa somo letu kwa Kiswahili wanaitwaje. Akajibu: "Kwenye vitabu vyetu mkondo huo tunauita ulimbwende." Nilicheka ndani ya treni, chini ya barakoa, hadi mzee wa kiti cha mbele akageuka. Kwetu mlimbwende ni msichana anayeshindania taji la urembo, au kijana asiyepita kioo bila kujitazama. Nikawawaza wale wachoraji na washairi wa Ulaya, nywele timtim, makoti yanapepea, wanapita jukwaani huku majaji wanaandika alama. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba aliyechagua neno lile hakukosea sana. Mlimbwende ni mtu aliyekataa kuvalishwa na wengine. Na hawa walikuwa wameambiwa kwamba sanaa ni kipimo na kanuni, kwamba akili ndiyo bwana na moyo ni mtumishi, wakakataa. Walisema ndani ya mtu kuna nguvu ya kuona kisichokuwepo, na kwamba huzuni, hofu na hasira ni njia za kujua mambo. Si uchafu wa kusafishwa kabla ya kuanza kufikiri.

Darasa lenyewe lilikuwa la mtandaoni. Eneo letu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya korona kuliko sehemu nyingine za jiji. Ili nitoke kwenda kazini nilihitaji kibali na nilipimwa puani kila baada ya siku tatu. Askari walikuwa wakigonga milango kuhakikisha watu wako ndani, na polisi wa farasi walipita mbele ya duka ninaponunua unga. Jioni, kwenye taarifa ya habari, tuliona watu wa upande wa pwani wakiota jua mchangani. Binti yangu aliizima televisheni. Ukitaka kujua kwa nini niliandika insha ile kwa moto, nimekupa sababu moja.

Sababu nyingine ni mama yangu. Tulitakiwa kuchagua mchoro mmoja wa dhoruba na kueleza unavyofanya kazi. Nilieleza. Nilieleza mwanga unatoka wapi, jicho linapelekwa wapi, na kwa nini meli imefanywa ndogo hivyo. Kisha nikaandika kwamba naijua dhoruba ile. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kambini upepo ulipong'oa turubai letu masika, na mama yangu akasimama katikati ya kile kilichokuwa nyumba, ameshika nguzo kwa mikono miwili, mvua inampiga usoni, anaugombeza upepo kwa sauti: "Pita! Umeshatuona, sasa pita!" Niliandika kwamba mama hakuwa ameona mchoro wowote maishani, lakini alijua kile mchoraji alichokijua: kwamba ukubwa wa dhoruba hauonekani mpaka pawepo mtu mdogo anayeikabili. Pembeni mwa aya hiyo mhadhiri aliandika: "Hii inahusianaje?"

Siku ya semina nilisubiri hadi alipouliza kama kuna mwenye swali. Mhadhiri alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, ana rafu ya vitabu nyuma yake na macho ya mtu asiyelala. Niliwasha kamera. Kwa kawaida sikuiwasha kwa sababu jiko letu ni dogo.

"Nina swali kuhusu alama," nilisema. "Kwa wiki tatu umetufundisha kwamba watu hawa waliasi kwa sababu waliambiwa wapunguze moyo. Sasa nami nimeandika juu yao, naambiwa nipunguze moyo. Nani kati yetu hajasoma somo?"

Kwenye visanduku vya skrini nyuso zilisogea karibu. Msichana mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Binti yangu, aliyekuwa akifanya kazi zake za shule upande wa pili wa meza, alinitazama kana kwamba nimevua nguo.

Mhadhiri hakukasirika. Alivua miwani akaifuta. "Chuo kikuu kinahitaji uchambuzi," alisema. "Kumbukumbu ya mtu binafsi siyo ushahidi."

"Na mchoraji alipochora, alitumia kumbukumbu ya nani?"

Alirudisha miwani usoni. "Hoja nzuri," alisema. "Iandike. Una insha ya mwisho bado. Nishawishi kwa maandishi."

Nilipozima kompyuta binti yangu aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba mtu hasemi na mwalimu namna ile. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mwalimu hakufa.

Nilijua nilichotaka kusema. Sikujua nitakisemaje. Jibu lilinijia kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba namba kumi na nne.

Humo alikuwemo mzee mmoja Mkroatia. Alifika Australia kwa meli akiwa kijana, na kwa miaka arobaini alichora vibao vya maduka Fairfield na vitongoji vyake: bucha, kinyozi, duka la viatu, kampuni ya mazishi. Herufi zake bado zipo juu ya milango michache ukiangalia vizuri. Wakati ule wazee wote walikuwa wamefungiwa vyumbani. Chakula kililetwa kwenye trei, ndugu hawakuruhusiwa kuingia, ukumbi ulikuwa umefungwa. Dirisha lake lilitazama maegesho ya magari. Wengine walilia au walilala. Yeye alipiga kelele. Alirusha trei ukutani, alikataa kuoga, alikataa vidonge. Kwenye faili lake waliandika "tabia yenye changamoto", na daktari alikuwa ameanza kuzungumzia dawa ya kumtuliza, ile inayomfanya mtu akae kwenye kiti kama koti lililotundikwa.

Siku moja niliingia na barakoa, ngao ya plastiki usoni, aproni na glavu, nikakuta supu imemwagika tena. Nikaanza kufuta. Kwenye mfuko nilikuwa na simu, na kwenye simu nilikuwa na picha za somo. Sijui kwa nini nilifanya vile. Labda kwa sababu nilikuwa bado na hasira ya "Hii inahusianaje". Nilimwonyesha ile dhoruba.

Aliishika simu kwa mikono yote miwili, akaisogeza karibu na pua.

"Hii siyo hali ya hewa," alisema baada ya muda. "Huyu mtu alikuwa na hasira."

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Mimi," alisema, "nimechora neno NYAMA mara mia." Akanirudishia simu. "Kule kwetu upepo wa baridi kali unashuka mlimani unang'oa vigae. Tulikuwa tunatembea tumeinama hivi." Akainama pale pale kitandani, mabega mbele, kama anayetembea dhidi ya upepo uliokuwa umevuma miaka sabini iliyopita. Nilimwona akiuona. Ukuta mweupe ulikuwa mbele yake, na yeye alikuwa gatini, utotoni, analindwa na ukuta wa mawe dhidi ya kitu kikubwa. Siku ile nilimletea supu nyingine, akainywa yote.

Nikarudi nyumbani nikamwomba binti yangu rangi zake za maji za shule, zile za chupa kubwa: buluu, nyeupe, nyeusi, kahawia, njano. "Za nani?" aliuliza. Nikamweleza. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na chupa na daftari lake kubwa la kuchorea, kurasa zote tupu. Brashi pana hatukuwa nayo, kwa hiyo nilichukua ile yangu ya jikoni ya kupakia mikate siagi. Kila kitu nilikipangusa kwa dawa, nikakifunga kwenye mfuko, nikakiacha siku zilizotakiwa kabla ya kumpa. Sikuvunja kanuni hata moja ya ugonjwa. Nataka hilo lijulikane. Ila sikumwomba mtu ruhusa, na hilo nalo lijulikane.

Alichora kwa wiki mbili. Alianza na mistari tu, anajaribu mkono wake unaotetemeka unakubali nini. Halafu mawimbi. Nikiingia na chai alikuwa hanitazami. "Buluu yenu ni ya watoto," alilalamika, "haina uzito," na akaichanganya na nyeusi ndani ya kisahani cha dawa hadi ikawa na uzito. Nilimwekea muziki wa somo, vipande vya piano vya wiki ya tatu, ambavyo mimi mwenyewe nilivisikiliza nikisonga ugali: mtu anaanza kusema kitu, anaogopa, ananyamaza, halafu anakisema chote kwa mpigo. Mzee aliinua brashi hewani kila piano iliponyamaza, akaishusha iliporudi. Kwenye faili niliandika kila siku nilichokiona: amekula chakula chote, ameoga bila kukataa, ameuliza leo ni siku gani.

Kisha nikawa na siku mbili za mapumziko. Niliporudi, nesi wa Campbelltown alinisubiri mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Mama, umejitafutia maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Enda uone namba kumi na nne."

Daftari lilikuwa limeisha, kwa hiyo mzee alikuwa amehamia ukutani. Ukuta mzima wa upande wa kitanda, kutoka ubao wa chini mpaka mkono wake ulipofika, ulikuwa bahari. Haikuwa bahari nzuri. Ilikuwa nzito, imeinuka, imejaa mafundo meusi, na pale rangi ilipokuwa imemwishia alikuwa ametumia kahawa. Upande wa chini kabisa, kwa nyeupe, alichora ukuta wa gati na watu watatu wadogo wameinama, mabega mbele. Yeye alikaa kwenye kiti cha magurudumu akiitazama, mikono buluu mpaka viwiko, ametulia kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

Nilisimama mlangoni. Machozi yalitiririka ndani ya barakoa, nikayaacha. Mwanamke wa chumba cha mbele, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufungiwe, alikuwa ameburuta kiti chake hadi kizingitini kwake ili aone. "Inakuja huku," alisema. Aliinyooshea kidole bahari. "Inakuja."

"Sema hukujua," nesi aliniambia tuliporudi nje. "Sema alichukua rangi mwenyewe. Mimi niko na leseni ya kuchunga, siwezi kukutetea kwa maandishi, lakini nakuambia kama dada. Sema hukujua."

"Kuhusu ukuta sikujua," nilimwambia. "Ningejua, ningeleta buluu zaidi."

"Wee!" alisema, na akatazama dari. Lakini alicheka.

Meneja aliniita mchana huohuo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala ofisini mara kadhaa mwaka ule wahudumu walipopungua. Mbele yake kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapishwa na kalamu juu yake. Barua ilisema nilileta vifaa bila idhini, kwamba mali ya kituo imeharibika, na kwamba nilionyesha udhaifu wa uamuzi kutokana na kuhusika mno kihisia na mkazi.

Niliomba nisome tena mstari huo. Maneno yaleyale. Wiki sita kabla yake nilikuwa nimeyasoma yakitoka Parramatta, na sasa yalikuwa hapa, yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kuonana na mhadhiri wangu.

"Ni utaratibu tu," alisema meneja. "Saini hapa, tunapaka ukuta rangi, tunaendelea."

"Kwamba nilileta rangi, nitasaini. Nilizileta mwenyewe, sikatai," nilisema. "Kwamba nilihusika mno, sitasaini."

"Kila mfanyakazi anasaini barua ya onyo."

"Fungua faili la mzee. Tangu aanze kuchora hajarusha trei hata moja. Hajapiga kelele. Daktari ameahirisha dawa. Nimeandika kila siku, na sahihi yangu iko pale. Kama kuhusika kumefanya hivyo, basi andika kwamba kuhusika kulimsaidia, nitasaini mara mbili."

Alisugua macho. "Unajua naweza kukusimamisha."

"Najua. Na kesho asubuhi utakuwa na wahudumu wawili wa kuogesha watu ishirini na nane."

Sikuwa jasiri kama ninavyosikika. Nilifikiria kodi ya nyumba na binti yangu. Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo kurudi nyuma kulikuwa kugumu kuliko kubaki. Niliinuka nikarudi kazini. Kulikuwa na chai ya saa tisa ya kugawa.

Jumapili ndiyo siku binti wa mzee alipokuwa akija. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, dereva wa mabasi, na kwa miezi alikuwa amesimama kwenye maegesho, kati ya maua na gari la dobi, akimpungia baba yake kupitia kioo huku mimi nikimshikia mzee simu sikioni. Mara nyingi mzee hakusema kitu. Jumapili ile nilivuta pazia, nikamwona mwanamke yule akiinua mkono kupunga, halafu mkono ukabaki juu. Alisogea hadi paji la uso likagusa kioo.

"Nani amechora hiyo?" aliuliza kwenye simu.

"Baba yako."

Alifuta kioo kwa mkono wa koti, akatazama tena. "Sijawahi," alisema. "Maisha yangu yote sijawahi kumwona baba akichora kitu kisicho na herufi." Kisha akaanza kulia pale nje, wazi, bila kujificha, na mzee akachukua simu mkononi mwangu akaanza kumweleza kwa lugha yao, akinyoosha kidole: huyu ni nani, yule ni nani, gati liko wapi. Waliongea mpaka simu yangu ikaisha chaji.

Nilipomwambia binti yake kwa simu, siku iliyofuata, kwamba ukuta umepangiwa kupakwa rangi Alhamisi, hakuniuliza maswali mengi. Alimpigia meneja simu. Sikuwepo, lakini nesi alikuwepo mapokezi, na akanisimulia kwa furaha iliyomzidi: "Alimwambia, nitalipia huo ukuta mara tatu, lakini ukiugusa baba yangu akiwa hai nitakaa kwa hiyo parking na bango, na bango nitachora mimi, nilifunzwa na mwenye kazi." Alhamisi fundi wa rangi hakuja. Barua yangu iliwekwa kwenye faili bila saini. Nadhani mpaka leo iko hivyo.

Sasa nilikuwa na insha. Niliiandika kwenye meza ya jikoni kwa siku nne, na safari hii niliweka kila kitu ambacho chuo kinataka: marejeo, tanbihi, istilahi. Nilichambua jinsi wachoraji wale walivyotumia mtu mdogo ndani ya anga kubwa. Nilieleza kwa nini muziki wao unanyamaza pale unapotarajiwa kusema. Nilieleza jinsi mashairi yao yalivyoacha kusifu watawala yakaanza kumsikiliza mtu anayetembea peke yake. Kisha, katikati, bila kuomba radhi, niliweka ukuta wa chumba cha kumi na nne. Niliandika kwamba mtu aliyenyimwa dunia ana haki ya kuiumba. Niliandika kwamba kile tunachokiita kuhusika mno mara nyingi ni jina ambalo mtu aliye salama humpa mtu anayeona. Binti yangu alisoma rasimu kwa ajili ya Kiingereza. Alirekebisha makosa mengi. Alipofika sentensi hiyo nilimwambia kama ni kali mno anaweza kuilegeza.

"No," alisema. Halafu, kwa Kiswahili, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa miezi: "Iache. Usiiguse."

Alama ilirudi mwishoni mwa muhula. Nilifaulu, si kwa kishindo. Mhadhiri aliandika ukurasa mzima wa maoni, nusu yake ananipinga: kwamba nimewaonea huruma wachoraji ambao wengine walikuwa matajiri wenye kujipenda, kwamba sijajibu swali la nani alibaki nje ya mawazo yao mazuri, watu kama mimi wakiwemo. Alikuwa na haki hapo, na iliniuma zaidi ya kufeli. Nilikaa na swali hilo kipindi chote cha joto. Kwamba watu wale hawakuniwazia mimi, sikuwa na shaka. Lakini walichokidai kwa ajili yao, hakuna aliyeweza kunizuia nisikidai.

Mzee alifariki Januari, moyo ulisimama mchana, si ugonjwa ule. Wakati huo ndugu walikuwa wameruhusiwa kuingia mmoja mmoja, na binti yake alikuwa amekaa naye siku nyingi upande wa ukuta ule, wakibishana kuhusu majina ya watu watatu wa gatini. Tulipomaliza kumwosha, nesi wa Campbelltown alisimama mlangoni akautazama ukuta kwa muda, mikono kiunoni. "Hii kitu ilikuwa kubwa, mama," alisema. Hakuniuliza ilinipeleka wapi. Baada ya siku tatu fundi wa rangi alikuja. Rangi ya krimu haikuweza kuishinda buluu kwa tabaka la kwanza, ikabidi apake la pili, na la tatu. Nilikuwa nampelekea chai kila alipokuwa kazini, na nilifurahi kila aliposhuka ngazi akatikisa kichwa.

Muhula mpya ulianza ana kwa ana. Nilipanda treni hadi Parramatta na begi mgongoni, mtu mzima kati ya watoto waliokuwa wakitafuta chumba pamoja nami. Mhadhiri yuleyule alikuwa anafundisha somo la pili. Ana kwa ana alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

Alinitambua. "Bado sikubaliani nawe kuhusu aya ya mwisho," alisema kabla hata ya salamu.

"Nami bado sijaibadilisha," nilimwambia, nikavuta kiti cha mstari wa mbele nikakaa.